Mvuvi Ajuaye Kiasi

Mtu aliyezaliwa Lamu, Mombasa au Vanga hahitaji kufundishwa kwamba maji ya bahari yana saa zake. Tangu utoto wake huyaona yakijaa na kupwa mara mbili kila siku. Hujua siku za bamvua na siku za maji mafu. Na hujua kwamba nahodha asiyeheshimu saa hizo hukikuta chombo chake kimekaa juu ya mchanga, naye hana la kufanya ila kungoja. Elimu hiyo si ya pwani ya Afrika peke yake. Iko nchi ya mbali, upande wa mashariki wa Marekani, ambako maji ya bahari huingia maili nyingi ndani ya bara na kutoka tena, na wavuvi wa huko, katika vyombo vidogo mno, hutafuta samaki mdogo mno wakati baridi ingali kali. Habari za mvuvi mmoja wa huko zafaa kusimuliwa, maana zina fundisho hata kwa mtu asiyepata kushika ndoana maishani mwake.

Nchi hiyo ni jimbo la Maryland, na maji hayo ni Ghuba ya Chesapeake. Urefu wa ghuba hiyo ni kama maili 200, lakini kina chake si kikubwa: ukiipima pamoja na mito yake yote inayofikiwa na maji ya bahari, wastani wa kina ni futi 21 tu. Upande wa kaskazini mto Susquehanna humwaga maji matamu. Upande wa kusini bahari ya Atlantiki huingiza maji ya chumvi. Na katikati maji hayo huchanganyika, yakawa si ya chumvi hasa wala si matamu hasa. Kama ilivyo Mombasa, maji ya huko hujaa na kupwa mara mbili, na kila siku saa zake huchelewa kadiri ya dakika 50. Tofauti ni hii, kwamba Mombasa siku za bamvua maji hupanda zaidi ya futi 10, bali katika mito mingi ya Chesapeake hupanda futi moja, au mbili, au tatu. Mgeni huziona futi mbili kuwa si kitu. Mwenyeji ajua kwamba futi mbili ndizo zinazogawa njia na tope.

Samaki mwenyewe huitwa pechi wa manjano, na wenyeji wamempa jina la utani, Ned wa Manjano. Msomaji wa Kisumu asidhani kwamba huyu ndiye mbuta. Ni kweli kwamba Waingereza huwapa wote wawili jina la pechi, lakini ujamaa wao ni wa mbali sana. Mbuta aweza kuzidi ratili 200, bali pechi wa manjano akifika ratili moja, wavuvi humsifu. Mkubwa kupita wote walioandikwa katika vitabu vya kumbukumbu alivuliwa Bordentown, katika jimbo la New Jersey, mwaka 1865. Uzito wake ulikuwa ratili 4 na aunsi 3, na tangu siku hiyo hajaandikwa mwingine wa kumpita. Ubavu wake una rangi ya dhahabu, umekatwa na mistari myeusi sita mpaka minane ishukayo kutoka mgongoni kuelekea tumboni, na mapezi yake ya chini yana wekundu wa chungwa lililoiva. Hata mtu asiyependa samaki hukubali kwamba huyu ni mzuri kutazamwa.

Lakini sifa yake kubwa ni safari yake. Sehemu kubwa ya mwaka hukaa upande wa chini wa mito, katika maji yenye chumvi kidogo. Mwisho wa Februari, barafu inapoyeyuka na maji yanapofika digrii 45 hivi za Fahrenheit, huanza kupanda mto kwenda kutaga katika maji matamu. Madume hutangulia na kungoja; majike hufuata. Jike hamwagi yai moja moja kama samaki wengi. Hutoa mayai yake yote katika utepe mmoja wa ute, uliokunjwakunjwa kama mifuo ya kinanda cha mkono, ambao ukinyoshwa waweza kufika futi 7, akautandaza juu ya matawi na nyasi zilizozama. Utepe mmoja huwa na mayai maelfu mengi. Hutaga mara moja tu kwa mwaka, kisha huenda zake asirudi kuyalinda. Maji yakipwa kupita kiasi, utepe hubaki ukining'inia hewani juu ya tawi, na jua na upepo huukausha. Kazi ya mwaka mzima imekwisha.

Kwa watu wa Maryland, pechi wa manjano ndiye samaki wa kwanza kuleta habari kwamba majira ya baridi yanakaribia kwisha. Miti haijatoa majani, na asubuhi nyasi zina sakitu nyeupe, lakini vyura wadogo wameanza kulia mabwawani, na katikati ya Machi furukombe hurudi kutoka kusini kutengeneza viota vyao juu ya nguzo. Hapo ndipo wavuvi waliofungiwa nyumbani tangu Desemba huanza kunoa ndoana zao.

Baadhi yao huvua kwa miguu kutoka ukingoni. Wengine huvua kwa kayaki. Chombo hiki kiliundwa kwanza na wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, Wainuiti na jamaa zao, ambao waliwamba ngozi za sili juu ya mbavu za miti iliyookotwa pwani, au za mifupa ya nyangumi, wakaenda nacho kuwinda baharini. Kayaki ya uvuvi ya siku hizi ni ya plastiki ngumu, urefu wake futi 10 mpaka 13, na huchukua mtu mmoja. Mvuvi huketi juu yake, miguu ameinyosha mbele, naye huiendesha kwa kafi lenye mabapa mawili, moja kila upande. Haina mtambo wala kelele. Huelea katika maji ya inchi chache. Hufika penye nyasi na magogo ambako mashua kubwa haiwezi kuingia. Mtu wa mshahara wa kawaida aweza kuinunua kwa kuweka akiba, na kuifunga juu ya gari lake. Lakini wepesi huo huo ndio hatari yake. Mtumbwi mzito husamehe makosa. Kayaki haisamehi mengi.

Mvuvi ambaye habari zake zinasimuliwa hapa alikuwa karani wa serikali huko Annapolis, mji mkuu wa Maryland. Ofisini alisifiwa kwa uangalifu wake. Hakupata kutia sahihi karatasi asiyoisoma mpaka mwisho, na wakubwa wake walipotaka hesabu isiyo na kosa, walimpa yeye. Siku za Jumamosi za mwezi wa Machi aliamka kabla ya mapambazuko, akafunga kayaki juu ya gari, akavuka daraja refu la Ghuba, lililofunguliwa mwaka 1952, akaenda upande wa mashariki mpaka mto mdogo wa Tuckahoe, karibu na kijiji cha Hillsboro. Ni jambo la ajabu kidogo, maana Annapolis yenyewe imejengwa kando ya mto Severn, nao pia ni mto wa pechi wa manjano tangu zamani. Mtu mwenye mto mlangoni pake alikuwa akisafiri maili nyingi kutafuta mto mwingine. Sababu yake itaelezwa mbele.

Tuckahoe ni mto mwembamba wenye maji ya rangi ya chai, nao huingia katika mto Choptank. Jina lake limeandikwa katika historia, kwa kuwa karibu nao alizaliwa, mwaka 1818, Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka utumwani mwaka 1838 akawa mtetezi mkuu wa uhuru wa watu weusi. Bibi yake mzaa mama, Betsey Bailey, aliyemlea, alikuwa hodari wa kusuka nyavu, hata watu wa Hillsboro na Denton walizitaka nyavu zake. Na mjukuu wake ameandika jinsi alivyokuwa stadi wa kuvua samaki wapandao mto majira ya kuchipua. Basi kupanda kwa samaki katika mto huo hakukuwa mchezo wa siku ya mapumziko kwa watu wote. Kwa watu wengi kilikuwa chakula cha nyumba, baada ya miezi ya baridi ya ghala tupu.

Karani huyo alijua kazi yake vizuri. Alijua kwamba pechi hula mchana na kupumzika usiku, kwa hiyo hakuna haja ya kumfuata gizani. La kufuatwa ni maji. Maji yakijaa, samaki hutawanyika juu ya nyasi na kati ya miti iliyozama, wakawa vigumu kuonekana. Maji yakianza kupwa, hushuka na kukusanyika katika mashimo yenye kina, hasa penye kona ambapo mkondo umechimba ukingo. Maji yakisimama, hayaji wala hayaendi, samaki nao hufunga midomo. Kwa hiyo alisoma jedwali la maji kabla ya kusoma kitu kingine chochote, akapanga kufika penye kona yake saa moja baada ya maji kuanza kutoka.

Vyombo vyake vilikuwa vyepesi: ufito mwembamba, mshipi wa nguvu ya ratili 4, na ndoana ndogo yenye kichwa cha risasi, ambayo juu yake aliweka kisamaki kidogo au uduvi. Chubwi kubwa haifai, maana pechi wa maji baridi haumi kwa pupa. Humjia mvuvi kama mtu abishaye hodi kwa ncha ya kidole. Asiye na subira huvuta upesi akakosa. Mwenye usingizi hachelewi kuibiwa chambo. Ilimpasa kulegeza mkono, kusikiliza kwa kidole, na kuinua ufito taratibu pale tu uzito ulipojulisha kwamba samaki amekubali.

Na sheria aliijua pia. Tangu mwaka 2009 serikali ya Maryland imeamuru kwamba katika maji yanayojaa na kupwa mvuvi wa kujifurahisha asichukue pechi wa chini ya inchi 9, wala asipitishe samaki 10 kwa siku. Karani alikuwa na ubao wenye alama za inchi mbele ya magoti yake. Kila samaki alilazwa juu ya ubao. Mfupi alirudishwa majini papo hapo. Filimbi ilining'inia kifuani pake, kama sheria itakavyo chombo kiwe na kitu cha kutoa sauti, na jaketi la kuokolea maisha alilivaa, hakulikalia kama wafanyavyo wengi. Mpaka hapo msomaji aweza kusema, huyu ni mtu asiyeweza kupatwa na ajali.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi alianza vizuri. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa amechukua samaki tisa, wote wa kipimo halali. Ndipo upepo ulipogeuka. Ulianza kuvuma kutoka kaskazini magharibi, baridi na wenye nguvu, na kila mwenyeji wa Chesapeake ajua maana yake: upepo huo huisukuma ghuba nzima kuelekea baharini, na maji ya mitoni hutoka kwa haraka na kupwa kupita ilivyoandikwa katika jedwali lolote. Karani aliuona mstari wa unyevu juu ya magogo ukipanda, maana yake maji yakishuka. Akaona tope likichomoza pale alipopita asubuhi akiwa juu ya futi mbili za maji. Akili yake ilimwambia arudi. Lakini sheria yaruhusu kumi, naye alikuwa na tisa. Akajiambia, mmoja tu zaidi.

Mkondo ulipoongeza kasi, kayaki ilianza kuyumba na kugeuka, akashindwa kutupa ndoana penye shimo lile. Hapo akafanya jambo ambalo angemkemea mwanafunzi wake kama angelifanya. Kamba ya nanga katika chombo kama hiki hufungwa tezi au omo, wala haifungwi kamwe ubavuni. Kwa sababu ikifungwa ubavuni, mkondo hukisukuma chombo kwa upana wake, kamba huvuta ukingo chini, na maji hupata mlango. Karani aliijua kanuni hiyo, lakini aliivuta kamba akaifunga ubavuni, ili kayaki itulie imlekee samaki. Ilikuwa kwa muda mfupi tu, mpaka apatikane wa kumi.

Wa kumi alipatikana. Alikuwa mzito kuliko wote, akashuka na mkondo, ufito ukapinda. Karani akainama kumfuata, upande ule ule wa kamba. Chombo hakikumpa nafasi ya kufikiri. Kililala ubavu, naye akajikuta majini.

Maji yalikuwa digrii 46. Mtu ambaye hajapata kuanguka katika maji ya namna hiyo hudhani kwamba hatari yake ni kuganda polepole. Sivyo. Wataalamu wa baridi hufundisha hesabu tatu nyepesi kukumbuka: dakika 1, dakika 10, saa 1. Katika dakika ya kwanza kifua hushtuka, mtu huhema kwa nguvu bila kutaka, na kama mdomo uko chini ya maji, huvuta maji akafa pale pale, hata kama ni mwogeleaji hodari. Katika dakika kumi zifuatazo mikono na miguu hupoteza nguvu, mpaka vidole visiweze kushika kamba. Na kama ana kitu cha kumweleza juu, huenda ikapita kama saa moja kabla baridi haijamzimisha kabisa. Basi jaketi lililomshika kichwa chake juu ya maji katika dakika ile ya kwanza ndilo lililomrudishia mkewe mumewe. Hakuna jingine.

Alihema mpaka kifua kikatulia. Kisha, kabla vidole havijafa, akashika tawi la mti ulioangukia mtoni, akajivuta, akasimama kiunoni katika tope. Kayaki yake ilibaki imeshikwa na nanga, imepinduka. Mfuko wa samaki ulikuwa umefunguka. Samaki wote tisa, waliokwisha kufa, walikwenda na maji bila faida kwa mtu yeyote. Wa kumi alikata mshipi.

Alikuwako mzee mmoja ukingoni, mtu mweusi wa pale pale, ameketi juu ya ndoo akivua kwa miguu tangu alfajiri. Aliisikia filimbi, akaja kwa fimbo yake, akamnyoshea karani tawi refu mpaka akatoka topeni. Akamtia ndani ya gari lake, akamvua makoti yaliyolowa, akamfunika blanketi, akawasha joto la gari, akampa kahawa kutoka katika chupa yake. Muda mrefu hawakusemezana, kwa sababu meno ya karani yalikuwa yakigongana. Yalipotulia, mzee akauliza:

“Ulikuwa umepata wangapi, mwanangu?”

“Tisa, mzee.”

“Na hao tisa hawakutosha?”

Karani hakuwa na jibu. Mzee hakumhimiza ajibu. Alitazama mto ukitoka, kisha akasema kwamba maji yatarudi jioni, nao watakwenda pamoja kuichukua kayaki.

Wahenga wa pwani walikwisha kusema zamani, tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini habari hii ingekuwa ya mtu mmoja na baridi yake tu, kama isingekuwa kwa lile lililompata njiani. Jioni ile alivuka daraja kurudi Annapolis, akaona taa za nyumba kando ya mto Severn, na swali la mzee likamrudia kwa sura nyingine.

Mto Severn zamani ulijulikana kwa pechi wake. Wavuvi walisimama bega kwa bega mwezi wa Machi. Kisha samaki wakapungua, na mwisho wa miaka ya 1980 serikali ya Maryland ikakataza watu kuwachukua katika mito kadhaa, Severn ukiwa mmojawapo. Wavuvi wa ndoana waliwalaumu wavuvi wa nyavu, na wavuvi wa nyavu wakawalaumu wavuvi wa ndoana. Kila upande ulikuwa na haki kidogo. Lakini mvuvi akizuiwa na samaki asirudi kama zamani, yampasa mtu kutafuta sababu nyingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha majike ya mito mbalimbali ya ghuba, na ukaona kwamba katika mito iliyozungukwa na miji, kama Severn, mayai mengi yalikuwa na kasoro kabla hata ya kutagwa: kiini hakikukua sawasawa, na ngozi ya yai haikuwa imara. Katika mto Choptank, ambao Tuckahoe huumwagia maji yake, hali ilikuwa nzuri zaidi.

Tofauti ya mito hiyo haiko majini. Iko nchi kavu. Mvua ikinyesha msituni, huzama ardhini, ikachujwa, ikafika mtoni polepole. Mvua ikinyesha juu ya lami, paa la bati na uwanja wa magari, haina pa kuzama. Hukimbilia mtoni papo hapo, imebeba mafuta, taka, na chumvi imwagwayo barabarani ili kuyeyusha barafu. Wataalamu wa samaki wa Maryland wamepima jambo hili kwa asilimia. Ardhi ya bonde la mto iliyofunikwa na vitu visivyopitisha maji ikiwa asilimia 5 au chini yake, samaki huweza kustahimili vema. Ikipita asilimia 10, mto huwa umeingia katika taabu, wala kupunguza uvuvi peke yake hakuwezi kuuponya.

Ndiyo sababu karani yule, mwenye mto mlangoni, alikuwa akivuka daraja. Na alipokuwa akizitazama taa zile alikumbuka kwamba moja yao ilikuwa ya nyumba yake mwenyewe, na kwamba miaka michache nyuma alikuwa amemwaga saruji uani pake ili gari lisikanyage tope. Hakuna mtu aliyekusudia kuuharibu mto Severn. Kila mmoja aliongeza paa moja tu zaidi, barabara moja tu zaidi, uwanja mmoja tu zaidi, na kila kimoja kilikuwa halali, kimepigwa muhuri katika ofisi kama ile yake. Kumi ya sheria ni mpaka ambao mtu asiupite. Si deni ambalo lazima alilipe. Watu wengi husahau hilo, mitoni na nchi kavu.

Isidhaniwe kwamba Tuckahoe hauna madhara. Mashamba yanayouzunguka hutiwa mbolea nyingi, na mbolea hiyo nayo huteremka mtoni. Lakini bado una miti ukingoni na vinamasi vya kuchuja maji, na mwezi wa Machi tepe za mayai bado huonekana juu ya matawi yake. Kilichobaki ndicho cha kutunzwa. Kuponya mto uliokwisha kufunikwa ni kazi ya vizazi, nayo ina gharama ambayo hakuna mji upendao kuilipa.

Mwaka uliofuata karani alirudi. Safari hii alivaa vazi lisiloingiza maji juu ya sufu nzito. Kamba ya nanga ilifungwa tezi, na kisu cha kuikatia kilikuwa kifuani. Na saa ya kurudi alikuwa ameiandika kwa wino nyuma ya mkono wake kabla ya kushusha chombo, wakati akili ilikuwa bado haijaonja samaki. Wavuvi wenye busara hufanya hivyo, maana mtu aliye katikati ya bahati njema si hakimu mzuri wa saa. Nyuma ya nyumba yake, nusu ya saruji ilikuwa imevunjwa na nyasi kupandwa. Ni jambo dogo, na jirani zake walimcheka.

Siku hiyo samaki walikula. Kati yao alikuwamo jike wa inchi 13, tumbo limejaa mayai hata limevimba pande zote mbili. Sheria ilimruhusu kumchukua. Alimpima juu ya ubao, akamtazama, akamshusha majini kwa mikono miwili, akangoja mpaka mkia wake ulipopiga na kumchukua. Saa iliyoandikwa mkononi ilipofika, akavuta nanga. Samaki walikuwa bado wakila. Njiani akaona utepe wa mayai umenaswa juu ya tawi, nusu yake iko hewani kwa sababu maji yalikuwa yamepwa. Akausogeza kwa bapa la kafi mpaka ukazama wote.

Mzee alikuwa ukingoni, juu ya ndoo yake.

“Wangapi leo?” akauliza.

“Saba, mzee.”

“Watosha?”

“Watosha,” akajibu karani, akatoa wawili akamwekea katika ndoo.